Kwenye Mpaka wa Keneli

Mwaka 2014, pale Mbagala Rangi Tatu, kuiruti simu kulikuwa na bei inayojulikana, kama kubadili kioo au kutoa loki. Mteja analeta simu ya Android, analalamika kwamba imejaa programu za kiwandani zisizofutika, au anataka kuhamishia vitu kwenye kadi ya kumbukumbu na simu inamkatalia. Fundi anaichomeka kwenye laptopu, anafungua programu yenye maandishi ya Kichina matupu, anabonyeza kitufe kimoja kikubwa katikati ya dirisha, anasubiri. Simu inazima, inawaka, na kuanzia hapo mwenye nayo anaweza kufuta, kubadili na kuandika chochote ndani yake. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo. Kazi yangu kibandani ilikuwa kufungua kava, kusafisha tundu za chaji kwa mswaki na kujaza kaunta buku.

Kaunta buku lile ndilo lililonifikisha kwenye habari hii. Fundi alitaka kila simu iliyoletwa kurutiwa iandikwe: aina yake, namba ya toleo la keneli inavyoonekana kwenye ukurasa wa "Kuhusu simu", tarehe, halafu alama ya vema kama imekubali au ya kosa kama imekataa. Nikamuuliza kitufe kile kinafanya nini hasa.

"Kinafungua simu, mdogo wangu. Wewe angalia tu waya usichomoke."

Hakuwa ananificha. Kuanzia Rangi Tatu mpaka Zakhem sikupata fundi aliyejua zaidi ya hapo. Tulijua kwamba simu hii inakubali, na nyingine ya jina lilelile iliyotoka kiwandani baadaye kidogo inakataa. Siku moja alikuja mama muuza samaki, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaangalia ile asilimia inavyopanda kwenye skrini, kisha akauliza: "Mwanangu, na hela zangu za kwenye simu?" Fundi akamtuliza: "Haziguswi mama, hela ziko kwenye laini." Jibu lilikuwa la kweli kwa maana kwamba salio halikai ndani ya simu. Lakini mama yule alikuwa anauliza jambo zito zaidi: kama huyu kijana ameweza kuingia kwa kitufe kimoja, nani mwingine anaweza?

Nililipata jibu lake upande wa pili wa jiji. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Ndaki ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano kwenye kampasi ya Kijitonyama, wilaya ya Kinondoni, si mbali na kituo cha Sayansi. Kutoka Mbagala nilikuwa napanda daladala ya Makumbusho, nasimama njia nzima ya Kilwa Road, na katika muhula wa mifumo endeshi sikujuta hata siku moja kuchelewa kurudi nyumbani.

Mwalimu wetu alichora ubaoni kisanduku kirefu kilichosimama wima. Hiyo, alisema, ndiyo kumbukumbu kama programu inavyoiona kwenye mashine ya biti 32: anwani za gigabaiti 4. Akakata mstari robo ya juu, akaandika pembeni 0xC0000000. Katika mpangilio wa kawaida wa Linux, ambayo keneli yake ndiyo iliyo ndani ya simu za Android, kwenye mashine za aina hiyo, chini ya mstari gigabaiti 3 ni za programu, na iliyo juu ya mstari ni ya keneli, ile sehemu ya mfumo inayogawa kumbukumbu, inayozungumza na diski na skrini na redio ya simu, na inayoamua nani afungue faili gani. Mstari haulindwi kwa adabu za waandishi wa programu. Prosesa yenyewe ndiyo inayoulinda. Programu ya kawaida ikijaribu kugusa juu ya mstari, prosesa inakataa na keneli inaifunga. Keneli, kwa upande wake, inagusa pande zote mbili, kwa sababu bila hivyo haiwezi kuihudumia programu.

Halafu akatuuliza: "Programu isiyo na haki ya kuandika juu ya mstari, ikimuomba mwenye haki aiandikie, nani atamzuia?"

Darasa lilinyamaza. Nimelibeba swali hilo mpaka leo, kwa sababu tatizo lote limo humo. Programu inapotaka kusoma faili, inaita keneli na kuikabidhi vitu vitatu: faili lipi, data iwekwe kwenye anwani gani, na baiti ngapi. Ile anwani ni namba tu. Haina muhuri unaoonyesha ni ya nani. Programu ikitaja namba iliyo juu ya mstari, na keneli ikatii bila kuuliza, basi keneli itajiandikia yenyewe juu ya kumbukumbu yake, kwa mkono wake mwenyewe. Prosesa haitazuia, maana inachokiona ni keneli ikigusa mali ya keneli. Mwenye amri zote amefanywa mtumwa wa asiye na amri yoyote.

Kwa hiyo Linux ina kanuni ambayo kila mwandishi wa draiva, yaani msimbo wa keneli unaoendesha kifaa fulani, hufundishwa mapema: usiiguse moja kwa moja anwani uliyopewa na programu. Tumia copy_from_user kuleta data ndani, copy_to_user kuipeleka nje, na ndugu zao wadogo get_user na put_user kwa thamani moja moja. Umbo lake ni hili:

    if (copy_from_user(&ombi, anwani, sizeof(ombi)))
            return -EFAULT;

Mistari miwili, lakini kazi iliyomo ndani yake ni kubwa. Kwanza unakaguliwa mwanzo wa eneo na mwisho wake, kwamba vyote viko upande wa programu. Na hesabu ya mwisho hufanywa kwa uangalifu, kwa kuwa anwani iliyo karibu na kilele ikijumlishwa na urefu mkubwa inaweza kuzunguka na kurudi kuwa namba ndogo, ikaonekana halali. Baada ya hapo ndipo kunakili kunaanza. Na hata anwani ikiwa upande unaostahili, huenda hapo hakuna kitu. Huenda ukurasa huo wa kumbukumbu haujaletwa bado kutoka diskini, na keneli italazimika kusimama kuusubiri. Ndiyo maana huruhusiwi kunakili ukiwa umeshika kufuli la aina isiyoruhusu kusubiri. Huenda pia ukurasa haupo kabisa. Kwa kawaida keneli ikigusa pasipokuwepo kumbukumbu ni balaa la kusimamisha mashine. Hapa sivyo, kwa kuwa Linux ina jedwali la maagizo yaliyoruhusiwa kujikwaa: agizo fulani likikwama, rukia mahali fulani. Kunakili kunakatizwa kwa utulivu, anayeita anaambiwa ni baiti ngapi zimebaki, na programu inarudishiwa kosa namba 14, anwani mbovu. Mashine inaendelea na kazi zake.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Linus Torvalds alipoanza kuiandika Linux mwaka 1991 alitumia mashine ya 386, na prosesa ile ilikuwa na kasoro kwa jambo hili: keneli ilipoandika, alama ya "kusoma tu" kwenye ukurasa wa kumbukumbu haikuheshimiwa. Keneli ikalazimika kukagua ukurasa mmoja mmoja kwa mkono kabla ya kuandika. Njia ya jedwali ilikuja baadaye, ikawamo kwenye toleo 2.2 la Januari 1999, na prosesa ya 386 yenyewe iliagwa na Linux Desemba 2012. Napenda kuwaeleza vijana historia hii kwa sababu inaonyesha kwamba ulinzi huu haukushuka mbinguni. Ni watu waliouona ufa, wakakaa wakauziba, na wengine wakaja kuona ufa mwingine ndani ya kiraka.

Nilipofika mwaka wa tatu nilirudi kwenye kaunta buku. Fundi aliniazima kwa moyo mweupe. Nikapanga mistari yake kwa toleo la keneli badala ya tarehe, na alama za vema zikajikusanya upande mmoja. Simu nyingi zilizokubali zilikuwa na keneli za 3.0 na 3.4. Nikaanza kusoma kumbukumbu za wazi za udhaifu wa Linux, na kuna mmoja ulioeleza sehemu kubwa ya zile alama: CVE-2013-6282.

Habari yake ni hii. Prosesa za ARM, ambazo ndizo zilizo ndani ya karibu kila simu, zina maagizo maalumu ya kusoma na kuandika yanayoiwezesha keneli kugusa kumbukumbu kwa haki za programu ya kawaida. Keneli ikipewa anwani isiyo halali na ikatumia maagizo hayo, prosesa inakataa, maana inahesabu kana kwamba programu ndiyo inayogusa. Mpango wa keneli ulipobadilishwa kwa ajili ya prosesa mpya zaidi za vizazi vya v6k na v7, ndugu wale wadogo, get_user na put_user, wakaanza kutumia maagizo ya kawaida, yenye nguvu zote za keneli. Ulinzi wa zamani ukaondoka. Ukaguzi wa anwani ambao ungechukua nafasi yake haukuwekwa. Mizigo mikubwa inayopita kwa copy_from_user iliendelea kukaguliwa kama kawaida. Thamani moja ya baiti nne ilipita bila kuulizwa. Na baiti nne zinatosha. Ukiweza kuandika baiti nne popote unapotaka ndani ya keneli, unaweza kubadili mahali ambapo keneli imeandika kwamba programu yako ni ya mtumiaji wa kawaida, na kuanzia hapo wewe ndiye mwenye mashine.

Kitufe kile cha laptopu ya Rangi Tatu kilikuwa kinaiomba simu, kwa lugha ya heshima kabisa, iweke namba ndogo kwenye anwani fulani. Na simu ilikuwa inaweka.

Kilichonikalia vibaya zaidi ni tarehe. Marekebisho ya ufa huo yaliandikwa Septemba 2012, yakaingia kwenye toleo 3.5.5. Udhaifu ulionekana ukitumiwa kushambulia simu za Android Oktoba na Novemba 2013, zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Na sisi mwaka 2014 tulikuwa tunapokea simu zilizonunuliwa Kariakoo zikiwa mpya ndani ya boksi, zenye keneli ya kabla ya marekebisho, ambazo hazikuwahi kuletewa kiraka hata kimoja tangu zitoke kiwandani. Mlango uliomfaa Fundi ulikuwa wazi vilevile kwa mchezo wa bure uliorushwa kwa bluetuthi kutoka kwa jirani. Mama wa samaki alistahili kuambiwa hivyo, na hakukuwa na mtu pale wa kumwambia.

Baada ya chuo nilipata kazi kwenye karakana ndogo Mwananyamala. Tulikuwa tunatengeneza mashine za mahudhurio: kisanduku cha ukutani chenye skrini ndogo na kisoma kidole. Ndani yake mna bodi ya Linux iliyoagizwa nje pamoja na draiva zake. Mteja wetu mkubwa alikuwa na maghala upande wa Chang'ombe, ambako vibarua wanaingia alfajiri na kutoka jioni, na malipo yao ya wiki yanahesabiwa kwa alama za vidole. Kibarua asiyeonekana kwenye orodha ya mashine halipwi, na kubishana na mhasibu ni kupoteza siku nyingine. Hivyo kazi ile tuliichukua kwa uzito.

Nina tabia ya kuijaribu draiva kwa maombi ya ajabu kabla ya kuiamini. Unaomba baiti sifuri, unaomba baiti moja, unaomba nyingi kuliko zilizopo, unatoa anwani ya uongo. Kiolezo cha alama ya kidole kwenye kisoma kile kilikuwa na baiti 512. Nikaandika programu fupi inayoomba 1024. Draiva iliyoandikwa vizuri ingenipa 512 na kuniambia ndizo hizo. Ile ilinipa zote 1024, bila kosa lolote.

Nikazichapa kwenye skrini kwa namba za msingi wa kumi na sita, mistari ya baiti kumi na sita kumi na sita. Nusu ya kwanza ilikuwa kidole changu. Mstari wa kwanza wa nusu ya pili ulianza kwa baiti zilezile za utambulisho ambazo kila kiolezo cha kisoma kile huanza nazo. Dada aliyekuwa kiongozi wetu wa kazi alikuwa ameweka kidole chake kwenye mashine hiyohiyo muda mfupi kabla yangu. Tukafungua faili lake la usajili, tukaliweka pembeni ya yale matokeo, tukapitisha macho mstari kwa mstari. Vilifanana baiti kwa baiti mpaka mwisho. Aliuondoa mkono wake mezani, akaufunika kwa mwingine, akasema, "Kwa hiyo kibarua wa mia mbili anaondoka na kidole cha mia moja tisini na tisa."

Hatukuwa na sheria ya kuegemea wakati ule. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Lakini jambo lenyewe halikuhitaji sheria kueleweka. Nywila ikivuja unaibadilisha. Kibarua wa Chang'ombe ana vidole kumi alivyozaliwa navyo, na hivyohivyo ndivyo vilivyosajili laini yake ya simu na kitambulisho chake cha taifa.

Tulipofungua msimbo wa draiva, mstari wenyewe ulikuwa huu:

    if (copy_to_user(bafa, alama->data, idadi))
            return -EFAULT;

Utazame vizuri. Umeandikwa kama kitabu kinavyotaka. Hakuna aliyeigusa anwani ya programu moja kwa moja, kosa limeshughulikiwa, namba ya kosa ni sahihi. Mwalimu wa haraka angeupa vema. Lakini copy_to_user inalinda upande mmoja tu wa mpaka: inahakikisha kwamba mahali data inapokwenda ni pa programu kweli. Kuhusu inapotoka haiulizi. Ukiiambia ichukue baiti 1024 kutoka kwenye bafa la baiti 512, yaani eneo la kumbukumbu lililotengewa data hiyo, itachukua, na zilizobaki zitatoka kwa jirani. Draiva ile ilitenga bafa jipya kwa kila alama, yote ya ukubwa mmoja, na keneli huvipanga vitu vya ukubwa mmoja pamoja, ubavu kwa ubavu. Jirani wa kidole changu alikuwa kidole cha mwenzangu. Na "idadi" ilikuwa imetoka kwa programu, ikatumika bila kulinganishwa na urefu halisi. Dawa yake ilikuwa mistari miwili ya kupunguza idadi mpaka urefu wa data iliyopo, na kusafisha bafa kwa sifuri kabla ya kulijaza.

Watu wa nje walikuwa wameshaligundua tatizo la upande huu wa pili. Kundi la PaX, lililotengeneza viraka vya kuimarisha usalama wa Linux, lilikuwa na ulinzi wake miaka mingi. Kees Cook, mhandisi wa usalama wa keneli, akaongoza kuuingiza kwenye Linux yenyewe, ukatoka na toleo 4.8 Oktoba 2016. Kwa ulinzi huo, kila kunakili kunakotoka au kuingia kwenye kitu kilichotengwa na keneli hukaguliwa kama hakuvuki mipaka ya kitu hicho. Kukivuka, kazi inasimamishwa papo hapo. Jaribio langu lingeuawa kabla ya kuona baiti moja ya kidole cha mwenzangu. Bodi yetu ilikuwa na keneli 3.10. Ilinunuliwa mpya.

Ndani ya draiva hiyohiyo kulikuwa na ufa mwingine, ambao yule dada aliuona kwa kusoma tu, akiwa na kalamu nyekundu mkononi. Programu ilipotaka kubadili mipangilio ya kisoma, ilituma pakiti ambayo mwanzoni mwake imeandikwa urefu wake. Draiva ilinakili kichwa cha pakiti, ikakagua kwamba urefu hauzidi bafa, ikaridhika. Halafu ikanakili pakiti nzima upya kutoka kwa programu, na kuanzia hapo ikatumia urefu uliomo kwenye nakala ya pili. Mangi wa mtaani kwetu, mwenye duka lenye dirisha la nondo, hafanyi hivyo: hahesabu noti zikiwa bado mkononi mwa mteja nje ya dirisha kisha akageuka kuchukua sukari. Anazivuta ndani kwanza, anazihesabu upande wake, na alizozihesabu ndizo anazoweka kwenye droo. Kati ya kusoma kwa kwanza na kwa pili, uzi mwingine wa programu hiyohiyo, unaokwenda sambamba, unaweza kubadili urefu ukawa mkubwa, na ukaguzi wote ukawa umefanyiwa kitu ambacho hakipo tena. Mwaka 2013 watafiti wa usalama Mateusz Jurczyk na Gynvael Coldwind walitengeneza chombo cha kuwinda makosa ya aina hii kwenye keneli ya Windows, wakayapata kwa makumi. Jambo lenyewe ni jepesi kulisema: nakili mara moja, kagua nakala yako, tumia nakala uliyokagua. Kulishika kila siku ndiyo kazi.

Nimekutana na vijana wanaodhani makosa haya ni ya viwanda vya bei rahisi. Sikubaliani nao hata kidogo. Mwaka 2017, toleo 4.13 la Linux lilitoka na ufa kwenye mwito wa waitid, ambao programu hutumia kusubiri habari za programu zilizozaliwa nayo. Msimbo wake ulikuwa umeandikwa upya ili kuandika majibu kwa haraka: badala ya kufungua na kufunga ruhusa ya kugusa kumbukumbu ya programu kwa kila thamani, ruhusa inafunguliwa mara moja, thamani zinaandikwa mfululizo, inafungwa. Wazo zuri. Katika kuhamisha, ukaguzi wa anwani ukabaki nje, na programu yoyote ikaweza kuielekeza keneli iandike ndani ya keneli. Ulirekebishwa Oktoba mwaka huohuo. Walioandika ni watu ambao sisi wote tunajifunza kwao.

Ninachokiheshimu ni kilichofuata. Hawakuishia kuweka ule mstari uliokosekana na kuwaambia watu wawe makini. Kwenye toleo 5.0 la Machi 2019, Torvalds aliunganisha mambo mawili kuwa moja: kazi inayofungua ruhusa ya kugusa kumbukumbu ya programu ndiyo inayokagua anwani. Huwezi tena kupata ufunguo bila kupita kwenye ukaguzi. Hata set_fs, chombo cha zamani kilichoiwezesha keneli kujiondolea mpaka kwa muda na ambacho kilisababisha nyufa zake, kilifutwa kabisa kufikia 2022. Prosesa nazo zikasaidia: Intel waliweka SMAP kwenye chipu za Broadwell za 2014, ARM wakaweka PAN kwenye v8.1, na kwa ulinzi huo keneli yenyewe inakatazwa kugusa kumbukumbu ya programu isipokuwa kwa dakika ile iliyofunguliwa makusudi. Mwandishi akisahau kutumia njia rasmi, mashine inamkumbusha siku ya kwanza ya majaribio, wala haisubiri mwizi amkumbushe.

Google walieleza Agosti 2017, walipokuwa wakitoa Android 8, kwamba tangu 2014 takriban asilimia 45 ya udhaifu wa keneli za Android ulitokana na kukosekana au kukosewa kwa ukaguzi wa mipaka. Karibu nusu. Wakaagiza simu mpya za toleo hilo zije na ulinzi wa kunakili uliotoka 4.8, pamoja na PAN ya kuigiza kwa chipu zisizo nayo. Hilo lilikuwa jema kubwa kwa nchi kama yetu, kwa sababu simu nyingi tunazozimudu zimetumia viini vya Cortex-A53, vya kabla ya v8.1, ambavyo havina PAN ya asili.

Lakini ulinzi unaokuja na simu mpya haumfikii mwenye simu ya zamani, na marekebisho yaliyoandikwa si marekebisho yaliyofika. Mwaka 2019 kwenye chipu nyingi za MediaTek, zilizomo kwenye simu za bei nafuu dunia nzima, ulipatikana ufa ndani ya draiva ya foleni ya amri: programu yoyote iliweza kuipa anwani za kumbukumbu na draiva ikasoma au kuandika hapo bila kuuliza. MediaTek walitoa dawa mwaka huohuo. Ilipofika Machi 2020, ikabidi Google wautangaze ufa huo kwenye taarifa yao ya usalama kama CVE-2020-0069, maana simu nyingi zilikuwa hazijawekewa dawa hiyo. Hadithi ya kaunta buku, miaka sita baadaye.

Mashine za Chang'ombe tulizirekebisha moja moja kwa kwenda nazo kwa mkono, na aliyetuuzia bodi tulimtumia maelezo na mistari iliyobadilishwa. Alirudisha draiva mpya yenye marekebisho ya urefu, ufa wa pili ukiwa palepale. Tukamtumia tena. Tangu hapo, kabla ya kuagiza bodi yoyote, tunauliza mambo mawili kabla ya bei: keneli ni toleo gani, na nani atatoa viraka vyake mpaka mwaka gani. Wauzaji wengi hawajibu swali la pili. Wanaojibu tunawalipa zaidi, na nimetetea gharama hiyo kwenye vikao ambavyo havikunifurahia.

Mwaka jana jirani yangu wa Kijichi, wakala wa kutoa na kuweka pesa, aliniomba nimwangalizie simu inayomsumbua. Nilifungua "Kuhusu simu", nikamwonyesha mstari wa sasisho la usalama la Android. Tarehe yake ilikuwa imepita miaka mitatu. Kwenye simu hiyo alikuwa na programu ya benki, ya wakala, na programu mbili alizotumiwa na watu kwa WhatsApp nje ya duka rasmi. Nikaziondoa hizo mbili mbele yake nikamweleza kwa nini, bila kutaja keneli.

"Sasa kaka, ipi nzuri ninunue?"

Tukakaa kwenye benchi lake, tukalinganisha kwenye karatasi: kampuni inaahidi masasisho ya miaka mingapi, na bei. Ile ya miaka mingi ilikuwa inakula mtaji wake wa wakala karibu wote. Akauliza kama anaweza kulipa kidogo kidogo, tukampigia muuzaji. Mwishowe alichukua ya kati, yenye miaka miwili iliyobaki, na akanikabidhi ile ya zamani niifute kila kitu kabla hajampa mtoto wa shule.